Usibadilishe jina la Sally tu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu ni programu moja ndogo ambayo nilidhani ningeimaliza kwa wikendi mbili. Leo sitaongea juu ya seva wala simu mpya. Nataka kuongea juu ya vitufe viwili nilivyoviweka kwenye kioo cha tableti, na mtoto mmoja wa Ruiru ambaye vitufe hivyo nusura vimpe jina baya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu fulani wanaowasaidia wazazi wenye wasiwasi juu ya makuzi ya watoto wao, na ambao huzunguka kati ya Ruiru na Thika, waliniomba niwawekee majaribio machache ya kisaikolojia kwenye tableti. Maswali walikuwa nayo tayari, yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kuyapanga, kuweka picha, kupokea majibu na kujumlisha alama. Nikasema hii ni rahisi. Faili la Kiingereza huku, faili la Kiswahili kule, kwisha.

Jaribio la kwanza linajulikana karibu dunia nzima. Chanzo chake ni hadithi ya mvulana Maxi na chokoleti yake, waliyoitunga Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith wakiwa London walitumia wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi yake kwenye kikapu, kisha anatoka. Anne anaitoa na kuificha kwenye sanduku. Sally anarudi. Je, ataitafuta wapi? Mtoto anayejibu "kikapuni" ameonyesha kwamba anajua kilichomo kichwani mwa Sally, hata kama si kweli. Wengi hulipita wakiwa na miaka minne au mitano. Katika utafiti ule, watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walijibu "sandukuni". Tangu hapo jaribio hili limesafiri kila mahali.

Kwetu sisi Sally akawa Njeri, Anne akawa Otieno, gololi ikawa bano, kikapu kikawa kiondo na sanduku likawa boksi la sabuni. Nilijiona nimefanya kazi safi kabisa.

Siku ya kujaribu nikaenda mwenyewe kuona kama programu itakwama. Mvulana wa miaka sita aliketi mbele ya dada mmoja mpole aliyeshika tableti, mama yake yuko pembeni. Hadithi ikasomwa. Swali likaulizwa. Mtoto akatazama sakafu. Akaulizwa tena. Akanyoosha kidole polepole, akagusa boksi. Programu yangu ikaandika sifuri. Chini yake kulikuwa na swali la mtahini mwenyewe: je, mtoto humtazama machoni anayezungumza naye? Dada akaweka alama kwenye "hapana".

Wakati wa chai nikakaa karibu na yule mtoto tukicheza mchezo wa magari kwenye simu yangu. Nikamuuliza hivi hivi tu, kama mtu anayeuliza upuzi: kwani Njeri angejuaje bano iko kwa boksi? Akanishangaa. "Si Otieno atamwambia? Ni yake." Kisha akaongeza kwamba Otieno asipomwambia, Njeri atamsemea kwa mama.

Mama yake naye, nilipomgusia habari ya macho, alicheka kidogo. "Nimemfunza mwenyewe asikodolee watu wazima macho. Sasa hiyo ni makosa?"

Sikuwa na jibu. Mtoto yule alikuwa amejibu swali letu na kulipita. Alijua anachojua Njeri, alijua anachojua Otieno, alijua kitu cha mwenzako hukirudishi kimya kimya bila kusema, na alijua mama angehukumu vipi. Ila programu yangu ilikuwa na vitufe viwili. Jibu lake lilikuwa la tatu, nami sikulipa pa kukaa.

Mtoto mmoja si utafiti, nalijua hilo. Lakini kwa mwandishi wa programu, mtumiaji mmoja anayeleta tatizo ambalo hukulifikiria anatosha kukufanya ufungue msimbo. Nilipoufungua nikaona kosa halikuwa kwenye tafsiri.

Sisi watu wa programu tumezoea kutenganisha maneno na mantiki. Maneno yanakaa kwenye faili lao, unalibadilisha, programu inaongea Kiswahili. Mantiki haiguswi. Kwa kitufe cha "Hifadhi" jambo hili halina shida. Kwa jaribio linalopima jinsi mtoto anavyowaelewa watu wengine, utamaduni haukai kwenye maneno peke yake. Uko kwenye mantiki: nani anauliza, jibu gani linakubaliwa, mtu mwenye adabu hufanya nini, na kunyamaza kuna maana gani.

Watafsiri wa majaribio wana njia wanayoiamini sana: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine anarudisha kwa Kiingereza bila kuona ya kwanza, kisha zinalinganishwa. Ni njia nzuri ya kukamata maneno yaliyopotoka. Lakini ni sawa na kuona programu imekubali kujengwa bila kulalamika. Hujaiendesha bado. Hadithi ya Njeri ingerudi Kiingereza bila doa lolote, na bado yule mtoto angepata sifuri.

Hata kwenye maneno yenyewe kuna mambo ambayo njia hiyo haiyaoni. Nitaje mawili.

La kwanza ni neno "kudhani". Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kufikiri kinachotumika mtu akiwa sahihi au akiwa amekosea. Sisi tukisema "Njeri anadhani bano iko kwenye kiondo", masikio yetu tayari yanahisi kwamba huenda si kweli. Ukisema "Njeri anaamini" au "Njeri anafikiri", hisia inabadilika. Hili si jambo dogo. Utafiti wa Marilyn Shatz na wenzake wa mwaka 2003 ulilinganisha lugha zenye kitenzi maalumu cha kuamini kisicho kweli, kama Kituruki na Kihispania cha Puerto Rico, na lugha zisizo nacho, kama Kiingereza na Kireno cha Brazil. Watoto wa lugha zenye kitenzi hicho walifanya vizuri zaidi swali lilipokitumia. Kwa hiyo mtafsiri anayechagua "anadhani" na yule anayechagua "anafikiri" wametengeneza majaribio mawili yenye ugumu tofauti, na pengine wote wawili hawajui.

La pili ni kiwakilishi. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Hadithi za Kiingereza zenye mvulana na msichana hutegemea tofauti hiyo ili msikilizaji ajue nani ni nani. Tafsiri ikisema "alimwambia kwamba amekosea", nani amekosea? Mtu mzima atakisia. Mtoto wa miaka mitano atapotea, nasi tutaandika kwamba hawaelewi watu, kumbe amepotezwa na sentensi yetu.

Na wakati mwingine neno moja linaokoa. Mwaka 1991 Michael Siegal na Karen Beattie walionyesha kwamba watoto wadogo hufanya vizuri zaidi ukiuliza "atatafuta wapi kwanza?" badala ya "atatafuta wapi?" Naamini kabisa kwamba mvulana wetu angegusa kiondo. Maana kwanza Njeri angeangalia kiondoni, ndipo amgeukie Otieno.

Tukitoka kwenye Sally mambo yanazidi kuwa magumu. Kuna jaribio la kusoma mawazo ya mtu kwenye macho, toleo lake la mwaka 2001 lina picha 36. Unaonyeshwa macho peke yake, kipande kilichokatwa kwenye picha, nawe uchague neno moja kati ya manne. Macho yale ni ya Wazungu. Mwaka 2010 Reginald Adams na wenzake walichapisha ulinganisho wa Wajapani na Wamarekani weupe, na kila upande ulisoma vizuri zaidi macho ya watu wa kwao. Na maneno je? Tafuta neno moja la Kiswahili kwa kila hali ya Kiingereza, kisha ujiulize kwa nini hakuna picha ya mtu mwenye soni au mwenye kinyongo. Jirani yako wa Kimbo husoma kinyongo usoni mwa mtu toka ng'ambo ya barabara. Jaribio halimuulizi.

Tusidhani pia kwamba uso ni lugha moja ya dunia nzima. Karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, Maria Gendron na wenzake walifanya kazi na Wahadza na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Wahadza walipambanua nyuso vizuri pale zilipotofautiana kwa uzuri na ubaya wa hisia, au kwa nguvu yake. Ila orodha ile ya hisia tunayoiona vitabuni haikujitokeza hivi hivi kama ilivyotarajiwa.

Lingine ni jaribio la kuteleza ulimi mbele za watu. Katika hadithi mojawapo mwanamke amehamia nyumba mpya na kununua mapazia mapya. Rafiki anakuja na kusema mapazia yale ni mabaya, anatumaini atanunua mengine. Nani amesema jambo lisilofaa? Sawa, hilo hata Thika linaeleweka. Lakini makosa yetu makubwa ya kijamii yako kwingine: kumwita mzee kwa jina lake tupu, kukataa chai kwa wakwe, kuuliza mtu ana ng'ombe wangapi. Mtoto anayejua hayo yote anajua mengi kuhusu watu. Kwenye karatasi hiyo hapati hata alama moja.

Na nani anauliza? Sara Harkness na Charles Super walifanya kazi miaka ya 1970 Kokwet, kwa Wakipsigis, na mwaka 1977 wakaandika makala ambayo kichwa chake kinauliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Watoto waliosimuliwa hadithi na mtu mzima, kisha wakaombwa waisimulie tena, wengi walinyamaza au walisema machache sana. Nyumbani mtoto mwema alikuwa anayesikia na kutenda, si anayehutubia wakubwa. Ukimya ule ulikuwa adabu.

Magharibi zaidi, kwa Waluo, Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao mwaka 2001 walieleza maneno manne ambayo watu hutumia kwa akili: rieko, luoro, winjo na paro. Rieko ndiyo iko karibu na maarifa ya shuleni. Luoro ni heshima. Vipimo vya kizungu viliendana na rieko pekee. Hebu fikiria: jamii nzima inahesabu heshima kuwa sehemu ya akili, nasi tunaleta tableti ambayo haina hata safu ya kuiandika.

Thika kuna shule ya wasioona iliyokuwepo tangu 1946. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeingia pale na zile picha 36 za macho, awape watoto, kisha aandike kwamba hawawezi kuwaelewa watu. Kila mtu anaona mara moja kwamba kifaa hakifai, na kwamba watoto wale huwasoma watu kwa sauti, kwa hatua na kwa kimya. Shida ya utamaduni ni kwamba haionekani namna hiyo. Mtoto ana macho, anaona picha, anasikia Kiswahili. Kwa hiyo akikosa tunasema amekosa yeye.

Sasa wapo watakaoruka na kusema: basi tutupe hivi vitu vya wazungu, watoto wetu hawana shida. Hapana. Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya marafiki zangu. Usonji upo Ruiru, upo Thika, upo Gatanga na Juja. Kuna wazazi walioambiwa mtoto amelogwa, au mama amemdekeza, au atazungumza akikua, na miaka ikapita bila msaada. Ukisema kila sifuri ni "utamaduni wetu", umemfungia mlango mtoto aliyehitaji kuonekana mapema. Jaribio linalompitisha kila mtu halina kazi, kama lile linalomkamata kila mtu.

Na ushahidi hausemi kwamba uwezo wenyewe ni wa Ulaya. Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha utafiti wa watoto wa Wabaka huko Kameruni. Hawakuwapelekea wanasesere. Mtu mzima wa palepale alikuwa akipika kokwa za embe mwitu jikoni, akatoka, na mtoto akaalikwa kuzihamisha kokwa na kuzificha. Kisha akaulizwa mwenyewe ataziangalia wapi akirudi, na atajisikiaje. Watoto wakubwa wa miaka mitano na sita kwa sehemu kubwa walijibu sawasawa. Mcheza kwao hutunzwa. Swali ni lilelile la Sally, ila limewekwa mahali ambapo mtoto anajua anafanya nini na kwa nini.

Hata hapa Kenya tunao mfano wa kazi iliyofanywa kwa subira. Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wachanga na wadogo, kikachapishwa mwaka 2008, kwa vifaa vinavyopatikana na kwa namna inayoeleweka kwa wazazi wa huko. Kinapima zaidi viungo na mikono, si kusoma mawazo ya watu, lakini njia ni hiyo hiyo: anza na mtoto aliye mbele yako.

Nikiwa kwenye matatu kutoka Thika kurudi nyumbani, nilipita nikiwaza kahawa. Pale Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda machanga ya kahawa, ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922 na ukaja kuwatia wakulima hasara kubwa. Mwaka 1985 kituo kikatoa Ruiru 11, aina inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Watafiti hawakuibandika SL28 jina jipya wakaiita ya Ruiru. Walivukisha mbegu, wakapanda, wakangoja, wakapima shambani. Wakulima wengi walifurahi, na wapo wanywaji waliosema ladha haifikii ile ya zamani, kazi ikaendelea, na mwaka 2010 ikatoka Batian. Hivyo ndivyo kitu kinavyozoeshwa mahali. Kina gharama, kina matoleo, na mtu anakubali kurudi shambani kuuliza kilichoharibika.

Basi nimebadilisha nini kwenye programu? Mambo matano, na hakuna linalohitaji utaalamu mkubwa.

Kwanza, kila swali sasa lina nafasi ya "jibu lingine" na swali la "kwa nini?" Maneno ya mtoto yanaandikwa yalivyo, kwa lugha aliyotumia, iwe Kikuyu, Kiswahili au Sheng'. Hakuna sifuri inayoandikwa na mashine kwa jibu lisilotarajiwa. Linasubiri macho ya mtu.

Pili, tumeongeza "kwanza", na tumeandika wazi ni kitenzi gani kimetumika, ili kesho mtu asichanganye matoleo mawili akadhani ni kitu kimoja.

Tatu, mtoto mkubwa wa jirani anaweza kusimulia hadithi na kuuliza swali, mtahini akikaa pembeni na kuandika. Ukimya mbele ya mtu mzima mgeni hauhesabiwi kuwa kukosa.

Nne, kipengele cha macho kimehamishwa kwa mzazi: je, humtazama ndugu yake wakicheza? Je, hukufuata macho ukielekeza kitu kwa kidole? Mama wa Ruiru anajua tofauti ya mtoto mwenye adabu na mtoto asiyekuona.

Tano, na hili ndilo nililoligombania zaidi: programu haitoi neno lolote la hukumu hadi kipimo kitakapojaribiwa kwa watoto wengi wa hapa ambao tunajua wanaendelea vizuri, na kwa wengine ambao tayari wanajulikana wanahitaji msaada. Bila hao, namba inayotoka ni umbali wa mtoto wa Ruiru kutoka kwa mtoto wa London wa mwaka 1985. Tume ya Kimataifa ya Upimaji ilitoa toleo la pili la mwongozo wake wa kutafsiri na kuzoesha majaribio mwaka 2017, na moyo wake ni huo: onyesha kwamba kipimo kinapima kitu kilekile huku, usidhani tu.

Na tusijidanganye kwamba "Kenya" ni utamaduni mmoja. Mtoto wa ghorofa za Ruiru anayeangalia katuni kutwa, na mtoto wa mfanyakazi wa mashamba ya mananasi upande wa Thika, wanaweza kulielewa boksi lile kwa njia mbili. Toleo la "Kiswahili, Kenya" likiwa gumu kama jiwe litakuwa limerudia kosa lilelile, safari hii kwa lafudhi yetu.

Tableti ile ikitoa namba, namba inaingia kwenye faili. Faili linaenda kituo cha tathmini, linaenda kwa mwalimu, na mwalimu anaamua mtoto akae wapi. Mama hataona msimbo wangu. Ataona neno juu ya karatasi. Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaopewa kazi kama hii: siku mtoto akitoa jibu ambalo kitufe chake hakipo, shuku programu kwanza. Muulize kwa nini, kisha mngoje.

Yule mvulana alirudi wiki iliyofuata. Tulimuuliza tena, kwa toleo jipya, na safari hii dada yake mkubwa ndiye aliyesimulia. Akagusa kiondo haraka, kisha akamgeukia dada yake akamwambia Otieno huyo ni mwizi.